Siku Tano Mpaka Buffalo

Konso,

Sitakuuliza hali, maana huko uliko hali haziulizwi tena. Za kwangu ni hizi: goti la kulia linauma, sukari imeshuka kidogo, na kesho asubuhi naondoka na lile gari-nyumba la mzee wa Highview. Ndiyo, lilelile lenye mstari wa kahawia ubavuni na mapazia uliyosema yanafanana na gauni la mke wa mchungaji. Nimelikodi wiki mbili. Funguo ziko hapa mezani karibu na kikombe cha chai. Ninaandika huku nazitazama, nisije nikajidanganya kwamba ni ndoto.

Wanasema nimechanganyikiwa. Eliya wako anasema hivyo kule Tonawanda, ubavuni mwa Buffalo, Evelina wangu anasema hivyo kule Columbus, na hapa Newburg, Kentucky, kina mama wa kanisa wanasema kwa kunyamaza. Wananishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, kama watu wanaomuaga mgonjwa. Waache. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mjane, mama wa maombi, anakodi gari lenye kitanda na choo ndani, safari ya saa tisa anaifanya siku tano, na kila jioni anaegesha nyuma ya kilabu cha pombe. Nikiyasema hivyo hata mimi nacheka. Kisha nakumbuka kwamba wazo lilikuwa lako, na wewe hukuwa na wazimu hata chembe.

Ngoja kwanza nikupe habari za hapa. Pale ghalani kazini kwetu fokolifti yako, ile ya kuinulia mizigo, sasa inaendeshwa na baba mmoja Mnepali, mpole, anapiga honi kwenye kila kona hata kama hakuna mtu. Nafasi yako kwenye meza ya chakula hakuna aliyeikalia kwa miezi mitatu. Halafu siku moja akaja mwanamke mgeni, akakaa, akafungua wali wake. Nilitaka kumwinua. Sikumwinua, Konso, ila sikumsalimia, na mpaka leo ananiogopa. Nyumba yako wamepaka rangi na kuingiza watu wengine. Nikipita na basi natazama upande wa pili.

Na mimi sikukuzika. Lazima nianze na hilo kabla sijakuambia lolote la safari, maana nimelibeba mwaka na miezi minne. Uliamka Jumapili ukanipigia simu kwamba kifua kinabana, tukasema ni gesi, na mchana ulikuwa umeshakwenda. Eliya akaja, akakuchukua kwenda kwao Buffalo, kwamba kaburi liwe karibu na wanawe. Ni haki yake, wewe ni mama yake. Akasema maziko ni Jumamosi. Nikaenda ofisini kuomba siku mbili. Wakanipa karatasi ya kujaza, marehemu ni nani wako: mama, baba, mume, mtoto, ndugu. Supavaiza akaniuliza, ni dada yako? Nami, mjinga, nikaona nisiseme uongo siku ya msiba. Nikasema ni rafiki. Basi ikawa rafiki hayumo. Ruhusa ilitoka Jumatatu, wewe ukiwa umeshafunikwa udongo na theluji juu yake.

Ningesema dada. Ungekuwa wewe, ungesema dada bila kupepesa jicho.

Sasa safari. Kumbuka ilivyoanza. Tulitoka duka la samaki kule Highview, tumebeba dagaa, ukasimama ghafla mbele ya nyumba ya yule mzee, aliyekuwa fundi wa mikanda ya kupitishia mizigo pale ghalani kabla hajastaafu. Gari limeegeshwa kwenye nyasi, kibao dirishani: linakodishwa. Akatufungulia. Ukaingia kama mkaguzi. Ukafungua friji, ukafungua jiko, plate mbili, ukavuta maji chooni, ukalala kitandani na viatu. Ukasema, Domi, maisha yangu yote nimesafiri kwa sababu kuna mtu nyuma yangu. Tulivuka mto usiku na kina mama wamebeba sufuria bado za moto. Tulipandishwa malori. Tulipandishwa ndege na mfuko mweupe wa karatasi za ukimbizi shingoni. Hakuna hata mara moja niliyosimama nikasema, hapa pazuri, nikae kidogo.

Ukakaa. Mzee wa watu akatungoja nje nusu saa nzima.

Na habari ya vilabu ulikuwa umeshaipanga kichwani, nadhani kwa miaka. Nilikuuliza, wewe shemasi, vilabuni kufanya nini? Ukasema, kanisani watu wote wanatazama mbele, kilabuni wanatazamana. Miaka minane niko nchi hii, nawajua Wamarekani kwa migongo tu, kwenye basi na kwenye foleni. Nataka kuwaona usoni wakiwa wametulia. Ukasema vilabu vya mashambani, si vya mjini vyenye makelele. Vile vidogo, njia panda, mbwa amelala mlangoni, wazee wanazungumza habari za mahindi yao. Tutaagiza soda ya machungwa na viazi vya kukaanga, ukasema, na mimi nitaonja bia moja kutoka kila mji, funda moja tu, nijue kama kuna inayoifikia ya mama.

Hilo la mama nitalirudia. Bado sijawa tayari.

Leo nimecheka peke yangu nikikumbuka habari ya kibali. Nilimsimulia Njeri, yule Mkenya wa ofisi ya mishahara, akalia kwa kicheko, kisha akaacha kucheka akalia kweli. Wewe ndiye uliyesema hatuwezi kuondoka hivihivi. Kentucky, Indiana, Ohio, mpaka New York: mikoa mingapi hiyo. Kambini ukivuka kilomita nne bila karatasi ni rumande, na wewe ulilala rumande siku mbili kwa mzigo wa kuni, uliporudi kuni walikuwa wamebaki nazo. Basi tukavaa vitenge vyetu, tukapiga picha za pasipoti, mbilimbili, tukaandikisha barua ya utambulisho kwa katibu wa kanisa, tukaenda kupanga foleni pale wanaposajili magari. Tumeshakuwa raia, Konso. Tumeshaapa, mkono juu, miaka miwili ilikuwa imepita. Na bado tumeshika picha zetu kwenye bahasha tunangoja kuitwa.

Yule mama wa dirishani akatuuliza mnataka nini. Ukamwambia kwa Kiingereza chako kile kilichonyooka, kibali cha kupita Ohio kwenda New York kutembea. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Wote watatu wakatutazama. Mkubwa akasema, kina mama, nendeni tu. Wewe ukasema, sawa, lakini tuandikie. Akasema hakuna cha kuandika. Ukasema, andika hicho hicho. Ukasimama pale na ule mkono wako kiunoni mpaka foleni ikaanza kunung'unika, na yule mama wa watu akachukua karatasi ya njano, akaandika kwamba hawa wawili wanaweza kwenda popote, akagonga muhuri wa siku ile kwa sababu ulimwonyesha muhuri kwa kidole. Ukaikunja ukaiweka kwenye Biblia, Zaburi. Nje ya mlango ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye ngazi.

Tulipaswa kuondoka mwezi wa kumi ule, majani yakianza kugeuka rangi. Wewe ulikuwa tayari. Likizo umeshaomba, ramani umeshachora kwa kalamu nyekundu. Mimi ndiye niliyesema tungoje. Nilimpigia Evelina Columbus kumweleza, akanijibu, "Mom, no." Hivyo tu, kama mlango. Si salama, ninyi ni wazee, mna sukari, ngojeni kiangazi nitawatafutia safari ya basi yenye kiongozi. Nami nikaja kukuambia, Konso, tungoje mtoto akubali. Hukunigombeza. Ulisema, sawa, wewe ndiye mama wa mtoto, na ukarudisha kalamu nyekundu kwenye droo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwezi wa pili ukafa.

Nimelaumu sukari. Nimelaumu baridi, nimelaumu shifti za usiku. Lakini nikiwa peke yangu najua nilichofanya: nilikwenda kuomba ruhusa kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe, na kwa ajili hiyo hukuona hata jani moja. Nisamehe. Au usinisamehe, mimi nakwenda hivyo hivyo.

Nataka ujue siku niliyoamua. Eliya alipokuja kufungasha vitu vyako nilikuwepo, nilikuwa nakunja vitenge. Akaichukua Biblia, akaitikisa, zikadondoka risiti na picha na ile karatasi ya njano. Akaisoma. Akauliza, hii nini? Nikaanza kumweleza, akatikisa kichwa kabla sijamaliza, akasema, "Mama Evelina, nyie mlikuwa mnachekwa." Akaikunjakunja akaitia kwenye mfuko wa takataka. Miaka thelathini kijana huyu ananiita mama mdogo, na siku ile nikawa Mama Evelina. Sikuitoa ile karatasi kwenye mfuko. Niliona aibu mbele yake, na aibu hiyo ilinikasirisha mpaka nikashindwa kulala wiki nzima. Tulikuwa tunachekwa, ndiyo. Na tulikuwa tunakwenda.

Basi nikajifunza gari. Usicheke. Wewe ulikuwa dereva, mimi nilikuwa wa kusoma ramani na kumenya machungwa. Njeri akajitolea kunifundisha Jumapili baada ya ibada, kwenye maegesho ya kanisa, na kigari chake chekundu. Unamjua anavyosema, "Auntie, relax, si ni kukanyaga tu polepole." Nikakanyaga. Nikagonga nguzo ya kibao cha kanisa, mchungaji akiwa mlangoni anaagana na wageni. Mtihani nimeanguka mara tatu. Mara ya pili yule mtahini aliniambia niegeshe pembeni, akashuka, akarudi kwa miguu. Mara ya nne nilimwambia kabla hatujaondoka kwamba mwenzangu amekufa akinisubiri, kwa hiyo leo sitaanguka. Sijui kama alielewa. Nilipita. Gari-nyumba lenyewe nimeliendesha mara sita na mzee wa Highview akiwa kando yangu, ameshika kiti kwa mikono miwili. Kugeuka kushoto bado sipendi. Nimepanga njia yenye kona nyingi za kulia.

Njia ni yako, nimebadilisha kidogo tu. Kesho Jumanne nafuata mto Ohio, upande ule wa Indiana, kwenye vilima, nisiguse barabara kuu hata kidogo. Jioni nalala kwenye kilabu kando ya mto. Jumatano naingia Ohio, mahindi kushoto mahindi kulia, mpaka kijiji kimoja kusini mwa Columbus chenye baa iliyokuwa kinu cha unga. Alhamisi nashika njia za wale watu wa mikokoteni ya farasi, wasiotaka magari. Ulisema hao ndio wanaojua mwendo unaomfaa binadamu. Ijumaa ni ziwa na mashamba ya zabibu. Jumamosi asubuhi nabakiza saa moja na nusu kufika Tonawanda.

Vilabu vyote nimevipigia simu mwenyewe. Nilifanya kama mtu anavyoomba ugeni: nikasema mimi ni nani, binti wa nani, nimetoka wapi, naomba pa kuegesha jioni moja, na kwamba nitakuja na sufuria ya maharage ili nisije mikono mitupu. Mmoja aliniuliza kama natafuta kazi ya upishi. Mwingine akakata simu, nikampigia tena mpaka akakubali. Yule wa kando ya mto ni mwanamke, sauti imekwaruzwa na sigara. Akauliza mko wangapi. Nikasema wawili. Nikasema samahani, mmoja. Akauliza, mwenzio ameghairi? Nikasema, hapana, amefariki. Akasema, njoo, nitakuwekea meza ya dirishani, inaona maji. Nilikata simu nikajifunika kitenge nikalia, na nilipomaliza kulia nikaloweka maharage.

Mchungaji aliniita. Alikuwa na kina mama watatu wa kamati, wamekaa mstari. Akasema, Mama Evelina, vijana wanatutazama, mama wa maombi akionekana kwenye mabaa itakuwaje. Nikamwambia, Mchungaji, sikuja kuomba ruhusa, nimekuja kuombewa safari. Akasema mbona hukunijibu. Nikasema nimejibu. Wale kina mama wakatazama viatu vyao. Mwishowe akasimama akaniombea, kwa kifupi sana, na kwenye "amina" Mama Feresi, mmoja wao, alinifinya kiganja. Nadhani na yeye angependa kuja.

Eliya ndiye mgumu.

Jumamosi hii ndiyo kuganduka kwako, siku ya kuvua msiba. Walisogeza kutoka mwezi wa pili ili theluji iishe na watu wapate likizo. Tutamaliza matanga, tutakula, watu watasimama kusema ulikuwa nani, tutakunywa pamoja kama desturi inavyotaka, japo kwa Eliya kitakachonywewa ni soda, kreti kwa kreti, na hilo sina neno nalo. Alipiga simu wiki iliyopita. Akasema, nimesikia unakuja na gari la kulewea. Nikasema ni la kulalia. Akasema, panda ndege kama wenzako, au usije, sitaki jina la mama yangu lipitishwe vilabuni, na kama utakuja kwa njia hiyo mlango wangu hautafunguka. Nikamuuliza kama nimewekwa kwenye orodha ya wasemaji. Akasema orodha ni ya wanandugu.

Kisha akatuma kwenye grupu ule wasifu wako atakaousoma. Njeri alinisaidia kuufungua. Ni mzuri, umepigwa chapa, una picha yako ya uraia. Unasema ulizaliwa katika familia ya wacha Mungu. Unasema ulisoma kambini kwa neema. Unasema hukuwahi katika maisha yako kukanyaga mahali panapouzwa pombe. Na mama yako hayumo, Konso. Baba yupo, aliyekufa kabla hujaota meno. Mama yako hakuandikwa hata jina.

Nimeusoma mara nyingi. Nilianza kwa kumkasirikia Eliya, nikaishia kukukasirikia wewe, na nakuambia sasa kwa kuwa huwezi kunikatisha. Ulimficha. Mtoto hawezi kuandika asichoambiwa. Ulizaliwa, sawa, lakini ulikulia kwenye kilabu: nyumba ya udongo, benchi mbili, mtungi katikati na mirija, na wewe wa miaka kumi na moja unagawa pombe ya ndizi kwa kibuyu huku unafanya hesabu za darasa la nne ukutani kwa mkaa. Walevi ndio waliokusahihishia. Uliniambia mara ngapi, siku moja nitamwambia Eliya ni nani aliyenisomesha. Siku moja. Halafu ukaokoka, ukawa shemasi, na ile siku moja ikawa haifiki. Ndiyo sababu ulitaka safari ya vilabu, nimeelewa baadaye kabisa. Hukuwa unawatafuta Wamarekani. Ulikuwa unamtafuta mama yako mahali ambapo mwanao hawezi kukuona.

Nimejiuliza sana kama ni halali yangu kulisema. Siri ni yako. Kama hukumwambia mwanao ukiwa hai, mimi ni nani nimwambie mbele ya watu mia, umekufa huwezi kujitetea? Nimekwenda nalo kazini, nimelala nalo. Njeri alisema niache, "mambo ya family, Auntie, utaumia." Pengine ni kweli. Lakini asiyekuwapo na lake halipo, na mama yako hayupo mara mbili sasa, amekufa na amefutwa. Nikinyamaza Jumamosi, atafutwa mara ya tatu, na safari hii kwa mkono wangu.

Na Evelina. Jana alinipigia. Nilijiandaa kugombana, nikawa nimesimama kabisa. Akaniuliza nitapita Columbus saa ngapi Alhamisi. Nikasema saa mbili asubuhi, kwa nini. Akasema amechukua siku mbili kazini, kisha akasema, "I'm coming with you. Somebody has to read the map." Nikasema, hujaombwa. Akasema anajua. Nikaona machozi yanakuja, kwa hiyo nikamwambia alete blanketi lake mwenyewe kwa maana nimepakia moja tu. Atalala kwenye meza ile inayogeuka kitanda. Kitanda kikubwa kile cha nyuma ulichokijaribu na viatu ni changu, hilo halina mjadala.

Kwa hiyo na Evelina atakuwepo Jumamosi. Atasikia nitakachosema, naye hajui lolote. Hilo ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kumalizia kufunga vyungu. Nilikuwa nakutupia lawama za kumficha mama yako kana kwamba mimi ni msafi, kumbe tuko sahani moja. Binti yangu anaamini bibi yake alimlea mama yake. Bibi yake alibaki njiani, tulipovuka, na mimi nikafika upande wa pili nikiwa na miaka kumi na mbili na hakuna mtu aliyenishika mkono. Unajua nani alinishika. Unajua nililala wapi miaka ile, na nilinunuliwa madaftari na nani, na ile sare ya bluu iliyokuwa inanuka ndizi hata ikifuliwa. Kadi zetu za chakula zilikuwa mbili, kama watu wa familia mbili, nami nikajificha nyuma ya kadi hiyo maisha yote. Rafiki, nikasema, ofisini, kwenye ile karatasi. Niliona nasema kweli.

Basi siri yako sitaigusa kwanza. Nitaanza na yangu.

Hivi ndivyo itakavyokuwa, nakuahidi. Jumamosi saa nne kasoro nitaingia mtaa wa Eliya kule Tonawanda, Evelina akiwa kando yangu anapiga kelele nipunguze mwendo. Mlango ukiwa wazi, nitaingia. Mlango ukiwa umefungwa, nitaegesha mbele ya nyumba, magurudumu yote manne ndani ya mistari, nitafungua madirisha, nitawasha jiko na kupasha maharage. Maji ninayo, choo ninacho, kitanda ninacho, likizo yangu ni ya wiki mbili. Anayekuja na nyumba yake utamfukuza arudi wapi? Watatoka. Watoto watatoka kwanza kuona gari, halafu mama zao kuwaita, halafu wazee kuona kuna nini, na mwisho Eliya mwenyewe kuniambia niondoke. Wakishatoka wote nitasimama kwenye ile ngazi ya mlango wa gari, goti likiuma lisiume.

Lala, mwenzangu. Nitapita kaburini kwako Jumapili tukishamaliza, nikueleze mto ulivyo, na mahindi, na kama kuna bia iliyoifikia, maana funda zako nne nitazinywa mimi. Lakini kwanza Jumamosi, pale kwenye ngazi, mbele ya mwanao na mwanangu na mchungaji wao, nitasema hivi: Mimi Domitila nilifika kambini bila mtu. Kulikuwa na mama anaitwa Yuliana, alikuwa anapika pombe, alinilaza na binti yake mkeka mmoja na kutusomesha sote wawili kwa mtungi ule. Binti yake ndiye tunayemaliza matanga yake leo. Nimechelewa kumzika kwa sababu waliponiuliza ni nani wangu, nilikosea jibu. Alikuwa dada yangu.

Dada yako,
Domi